Betri Ipi? Kisa cha gari la haibridi na dhamana iliyopitwa na siku tisa

Kisa hiki ni cha hapa Mwanza, na mimi nimo ndani yake kama fundi umeme wa magari, tena fundi aliyekosea. Majina nimeyaondoa. Yadi iliyouza gari siitaji, na tarehe zote nimezisogeza mbele kwa idadi moja ya siku ili hesabu zibaki sawa. Aina ya gari nayo naiacha. Fundi mwenzangu ataitambua kwa idadi ya moduli zake, na asiye fundi hana haja nayo.

Usuli

Mnunuzi ni mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Nitamwita Mama, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita sote gerejini. Baada ya misimu miwili ya biashara nzuri aliamua kununua yadi gari dogo la abiria, mtumba kutoka Japani, na kumkabidhi mtoto wa kaka yake alitembeze mjini kama taksi ya kuitwa kwa simu, walete hesabu kila Jumapili.

Walichagua haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, ili kuokoa mafuta. Safari za Mwanza ni fupi na za vilima: unapanda Bugando, unashuka, unakwama Mabatini, unasogea hatua mbili, unafunga breki. Gari la kawaida hapo linakula tu. La haibridi, kila linaposhuka au kufunga breki, mota yake inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. Kijana alipiga hesabu ya wiki ya kwanza akadhani geji ya mafuta imekufa.

Mkataba wa mauziano ulikuwa karatasi moja yenye muhuri. Sehemu ya dhamana ilikuwa na sentensi mbili tu, na naziandika kama zilivyo maana kila kitu kilikuja kuzizunguka: «Dhamana ya miezi 6 kuanzia tarehe ya mauziano kwa injini, gia na mfumo wa haibridi. Dhamana haihusu matairi, betri, balbu, waipa na vitu vingine vinavyochakaa kwa matumizi.»

Mama alisaini tarehe 4 Machi. Odometa ilisoma kilomita 98,200. Hakuna aliyeuliza betri ipi. Ila siku mbili kabla ya hapo alikuwa amemuuliza muuzaji kwa WhatsApp kama hizi gari hazisumbui, akajibiwa kwa ujumbe wa sauti wa sekunde saba: «Mama usiwe na wasiwasi, betri ya haibridi iko fiti, hiyo sisi tunaisimamia.» Ujumbe huo ulibaki kwenye simu yake, umefunikwa na mamia ya sauti za wachuuzi wa dagaa.

Betri yenyewe

Kwa wasomaji wasio mafundi: gari hili lina betri mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya volti 12, kama ya gari lolote. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, kuwasha taa na redio. Ya pili ni kubwa, imekaa nyuma ya kiti cha nyuma, na ndiyo inayosukuma gari. Katika gari hili ni ya nikeli (nikeli na haidraidi ya metali, si lithiamu): seli 168 za volti 1.2, zimefungwa sita sita kwenye moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6. Kompyuta haizisomi moduli moja moja, inazisoma mbili mbili, kwa hiyo kwenye skana, kifaa chetu cha kusoma kompyuta ya gari, unaona bloku 14.

Moduli hizo zimepangwa kwa safu kama mikate kwenye trei. Zinapofanya kazi zinapata joto, na za katikati ndizo zinazoumia zaidi kwa kuwa zimebanwa na wenzake pande zote. Ndiyo maana kuna feni. Feni hiyo inavuta hewa ya ndani ya gari, ile ile wanayovuta abiria, kupitia matundu yaliyo kando ya kiti cha nyuma. Ukiyaziba matundu kwa begi, au feni ikishiba vumbi, betri inapikwa taratibu na hakuna taa itakayokuambia mapema.

Moduli zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye moduli zenye afya ndio huo huo unaopita kwenye ile iliyo mgonjwa. Mgonjwa anajaa haraka na kuisha haraka, anazidi kupata joto, na joto lake anawagawia majirani.

Mfuatano wa matukio

Tarehe 21 Agosti asubuhi kijana alikuja gerejini na taa ya pembetatu nyekundu imewaka kwenye dashibodi. Alikuwa na abiria anayesubiri uwanja wa ndege. Nilichomeka skana, nikaona kodi mbili za hitilafu (si zile za TRA): P0A80, ambayo maana yake ni kwamba betri ya haibridi inatakiwa kubadilishwa, na P3019, inayosema bloku ya 9 imedhoofika.

Nikazifuta. Kijana alilipa shilingi 20,000 kwa simu na kuondoka.

Sikuandika chochote. Sikupiga picha ya skana. Kompyuta ya gari inapoweka kodi huhifadhi pia hali ya gari ya dakika ile: mwendo, joto la betri, chaji iliyobaki. Ukifuta kodi unafuta na kumbukumbu hiyo. Nilimwambia kijana «ikirudi uje», kauli ambayo kila fundi ameshaitoa akiwa na haraka. Wakati huo dhamana ilikuwa bado na wiki mbili, na sikuuliza kama gari lina dhamana.

Siku hiyo hiyo Mama alimpigia muuzaji. Si ujumbe, ni simu, hivyo hakuna kilichobaki. Kwa maelezo yake aliambiwa: «Hiyo ni betri ndogo mama, badilisheni tu.» Wakabadilisha betri ya volti 12 tarehe 22 Agosti kwa shilingi 190,000 na kupewa risiti. Taa haikuwaka kwa siku kadhaa, kila mtu akaridhika. Ukweli ni kwamba haikuwaka kwa sababu nilikuwa nimefuta kodi, na kompyuta huchukua muda kujiridhisha tena kabla ya kulalamika upya.

Dhamana ikaisha tarehe 4 Septemba.

Tarehe 13 Septemba jioni, kijana akiwa anapanda kuelekea Bugando na abiria watatu, gari lilipoteza nguvu, feni ya nyuma ikavuma kama kimbunga, na pembetatu ikarudi safari hii ikiwa na taa nyingine tatu. Lililetwa kwangu usiku huo kwa kuvutwa. Kesho yake Mama alikwenda yadi na kujibiwa mambo matatu kwa pumzi moja: dhamana imeisha siku tisa zilizopita, betri haimo kwenye dhamana hata ingekuwa haijaisha, na magari yanayobeba dagaa hayawezi kudaiwa dhamana.

Alirudi gerejini kakasirika, na ndipo nilipogundua kwamba shahidi pekee wa Agosti ni mimi, na mimi nilikuwa nimefuta ushahidi.

Uamuzi wa kwanza: kutogusa

Kazi ya kawaida ya gereji ingekuwa kung'oa betri, kutafuta moduli mbovu na kuweka nyingine. Nilimwomba Mama tusifanye hivyo kwanza. Betri ikishafunguliwa na upande mmoja, upande wa pili utasema moduli mbovu imewekwa na sisi. Kwa hiyo tulianza na vinavyosomeka bila kufungua.

Skana safari hii ilionyesha kodi zile zile mbili, na nikapiga picha ya kila ukurasa pamoja na dashibodi. Kisha nikakumbuka kitu ambacho mafundi wengi tunakipita. Kompyuta ya gari huhesabu kilomita zilizotembea tangu kodi zilipofutwa mara ya mwisho. Hesabu ilisoma 2,140. Odometa ilisoma 116,750. Ukitoa, kodi zilifutwa gari likiwa na kilomita 114,610.

Kijana alikuwa na daftari. Shangazi yake, mtu wa biashara, alimlazimisha tangu siku ya kwanza kuandika odometa kila usiku kabla ya kulala ili hesabu ya Jumapili isiwe na maneno. Usiku wa tarehe 20 Agosti ameandika 114,548. Usiku wa tarehe 21, 114,655. Kufuta kulikofanyika kwenye 114,610 kumeangukia katikati ya usiku hizo mbili, siku ile ile ya ujumbe wa muamala wa 20,000 kwenye simu yangu, siku moja kabla ya risiti ya betri ndogo.

Sikutegemea kupata kitu kizuri hivyo. Ila nilijua mpaka wake: hesabu ile inaonyesha kwamba kodi zilifutwa siku hiyo, haionyeshi zilikuwa kodi gani.

Kwa kipimo cha mwendo nilikaa kiti cha mbele na skana mapajani, kijana akaendesha polepole kwenye mwinuko mfupi nyuma ya gereji. Tambarare, bloku zote 14 zilikaa pamoja. Gari lilipoanza kuvuta, bloku kumi na tatu zilikaa kati ya volti 14.3 na 14.6. Ya 9 iliteremka mpaka 12.7, ikarejea tulipoachia mafuta. Tukapanda tena, ikashuka tena. Ukiipima betri ya aina hii imelala, kila moduli inaonekana nzima, lazima uibebeshe mzigo.

Kilichokuwa ndani ya feni

Nataka nikae kidogo kwenye feni, kwa sababu ndiyo iliyogeuza kisa.

Hoja ya yadi kuhusu dagaa haikuwa ya kijinga. Kijana alikiri kwamba mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya abiria, alibeba magunia ya dagaa wakavu kutoka mwaloni, na gunia moja lilikaa kwenye kiti cha nyuma likiegemea matundu ya hewa. Kama feni imezibwa na uchafu wa mnunuzi, hata mimi ningekuwa fundi wa yadi ningekataa dhamana.

Tarehe 15 Septemba niliondoa plastiki ya pembeni nikafikia feni. Mwanafunzi wangu alikuwa ameshashika bomba la kompresa, kidole kwenye kifyatulio. Nilimzuia kwa sauti kubwa mpaka jirani anayechomelea akageuka. Angepuliza, tungepata feni safi na tusingekuwa na la kusema.

Feni ni pipa dogo la plastiki lenye mapanga membamba kuzunguka. Juu ya mapanga kulikuwa na vumbi letu, lile jekundu la barabara za mitaani, na ndani yake vijipande vinavyometameta kama glita. Magamba ya dagaa. Nilipokwangua kwa ncha ya bisibisi, chini ya vumbi hilo kukatokea kitu kingine kabisa: utando wa kijivu, mzito, umegandamana kama godoro kuukuu, umejaa nyuzi za kitambaa na nywele fupi nyeupe. Nywele za mnyama. Nilimwita Mama aone. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hizo: «Fundi, wewe umewahi kuona mbwa anapanda taksi Mwanza?»

Utando ule ulikuwa wa Japani. Gari lilikuja nao, likauzwa nao. Nilikata kipande kwa wembe nikakipima kwa rula ya shule: utando wa kijivu milimita 4, vumbi jekundu la juu halifiki milimita 1. Nikapiga picha rula ikiwa hapo hapo, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaandika tarehe.

Kwenye ripoti niliandika vyote viwili: godoro la chini na magamba ya juu, pamoja na habari ya gunia. Mama alipoisoma alinyamaza, halafu akaniuliza: «Fundi, wewe uko upande wa nani?» Nilimwambia fundi wa yadi atayaona magamba hata nikiyaficha, na akiyaona yeye kwanza hakuna atakachoamini baada ya hapo. Hakupenda. Lakini hakuniambia niyafute.

Kwa nini hawakwenda mahakamani

Jirani yake mmoja ni wakili. Alimweleza kwamba Sheria ya Mauziano ya Bidhaa (Sura ya 214) inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, na Mama alisema tangu mwanzo kwamba gari ni la taksi. Pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza gari litalala wapi miezi yote hiyo na nani atamlipa kijana.

Uamuzi ukawa kwenda kwanza kwenye kikao, huku barua ya wakili ikieleza kwamba haki zake nyingine zinabaki. Bima hawakuigusa. Bima kubwa kwa kawaida hulipa ajali, wizi na moto, si kifaa kilichochoka.

Kijana naye alikuwa na njia yake. Alisoma mtandaoni kwamba Toyota wanatoa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000 kwa betri za haibridi, akataka tuwaandikie. Alichosoma ni kweli, kwa magari ya modeli ya 2020 na kuendelea yaliyouzwa mapya Marekani. Ya kabla ya hapo huko yalikuwa na miaka 8 au maili 100,000. Japani kwenyewe dhamana ya vifaa vya haibridi ni miaka 5 au kilomita 100,000. Dhamana hizo hufuata soko ambalo gari liliuzwa jipya. Gari la mtumba lililopanda meli likashuka Dar es Salaam limeziacha kule. Linalobaki ni karatasi ya yadi, na hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo mezani.

Kikao cha yadi

Tulikwenda watatu: Mama, kijana na mimi. Upande wa pili meneja, muuzaji aliyetuma ile sauti, na fundi wao, kijana makini ambaye namheshimu mpaka leo. Nilimwomba apime mwenyewe kwa skana yake badala ya kusoma ripoti yangu. Meneja alishangaa, lakini yule fundi alielewa. Alirudi na namba zilizopishana na zangu kwa volti 0.1.

Kuhusu tarehe, nilianza na kosa langu. Nilisema tarehe 21 Agosti nilisoma P0A80 na P3019, nikazifuta, na sikuandika. Kisha nikaweka mezani hesabu ya kilomita, daftari la kijana, ujumbe wa muamala na risiti ya betri ndogo. Fundi wa yadi alifanya ile kutoa kwenye simu yake, akamwonyesha meneja. Meneja akamgeukia muuzaji: «Walikupigia Agosti?» Muuzaji alikiri, tena akaongeza mwenyewe kwamba aliwaambia wabadilishe betri ndogo. Hapo suala la siku tisa likafa bila mtu kulipigia kelele.

Neno «betri» lilichukua muda mrefu zaidi. Meneja alishikilia kwamba betri ni betri, imeandikwa haimo. Wakili alikuwa ametuandalia hoja ambayo nilidhani ni ya kiwakili mno, kumbe ndiyo iliyoeleweka haraka: tazama majirani wa neno hilo. Limekaa kati ya matairi na balbu, pamoja na waipa. Hivyo ni vitu vidogo vya kuchakaa unavyonunua dukani, na betri ya ukoo huo ni ile ya volti 12. Betri kubwa ndiyo moyo wa mfumo wa haibridi, na mfumo wa haibridi umetajwa kwenye sentensi ya juu. Ukiitoa, umeahidi nini? Meneja alianza kujibu, Mama akaiweka simu mezani na kubonyeza. «…betri ya haibridi iko fiti, hiyo sisi tunaisimamia.» Muuzaji alitazama dirishani.

Feni ilikuwa ya mwisho. Nilitoa mfuko. Fundi wa yadi aliushika, akaubonyeza kwa vidole kama anayenunua sufi, akasema kwa sauti ya chini: «Bosi, hii ya chini ni yetu.» Mama akaongeza kabla meneja hajapumua: «Na ya juu ni yangu. Sikatai.»

Matokeo

Betri iliyotengenezwa upya ilipatikana Dar es Salaam kwa shilingi 2,400,000. Meneja alianza na nusu kwa nusu. Wakamaliza yadi ikilipa 1,600,000 na Mama 800,000, theluthi aliyoiita «ya magunia yangu». Dhamana mpya ya miezi sita iliandikwa kwa mkono, na Mama mwenyewe ndiye aliyeamuru maneno: betri kubwa ya haibridi, moduli zote 28, na feni yake. Betri mbovu ilibaki yadi.

Betri ilipofika sikuifunga siku hiyo. Niliipima moduli moja moja kwa balbu ya taa ya mbele, dakika mbili kila moja, mbele ya fundi wa yadi. Moduli ya 4 ilishuka kupita wenzake. Walileta nyingine bila ubishi kwa sababu waliiona wenyewe ikishuka. Ile mbovu ya zamani tuliipima vile vile kwa ajili ya kumbukumbu: nyingi zilishuka mpaka karibu 7.4, moduli ya 17 ikafika 5.9, na majirani zake wawili, ya 16 na ya 18, walikuwa wameshafika 6.8.

Gari lilirudi barabarani tarehe 9 Oktoba, baada ya siku 26. Kijana alikuwa akileta hesabu ya 25,000 kwa siku, kwa hiyo 650,000 zilipotea, na hilo halikuzungumzwa kikaoni. Mama hakulidai, kijana hakuthubutu, na mimi sikulikumbuka mpaka tulipokuwa njiani kurudi. Sikutoza ufundi, na ile 20,000 ya Agosti niliirudisha.

Uchambuzi

Watu wanaposimulia kisa hiki hupenda kusema ile sauti ya WhatsApp ndiyo iliyoshinda. Sikubaliani. Sauti ilimfedhehesha muuzaji, lakini bila tarehe isingekuwa na pa kusimama, na tarehe iliokolewa na daftari la odometa ambalo lilianzishwa kwa sababu shangazi hamwamini sana mtoto wa kaka yake kwenye hela. Si jambo la kupanga. Mwenye gari la dhamana aandike odometa hata kama hana mtu wa kumtilia shaka.

Kosa kubwa ni la kwangu, na halikuwa la ujuzi. Nilijua P0A80 ni nini. Kufuta kodi kulikuwa ni kumuuzia mteja ukimya kwa 20,000. Kungekuwa na picha moja ya skana ya tarehe 21 Agosti, kikao kingekuwa cha nusu saa, au kisingekuwepo. Na kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye karatasi: siku 23 na kilomita 2,140 gari lilitembea na bloku mgonjwa. Siwezi kuapa kwamba moduli ya 16 na ya 18 zilikuwa nzima Agosti, lakini zimekaa ubavuni kabisa mwa ile ya 17, na zilizo mbali zilikuwa salama. Mimi nina hakika yangu.

Je, Agosti tungebadilisha moduli moja tu ingetosha? Mafundi wengi hufanya hivyo na mimi nimefanya. Moduli nzima ukiiweka kati ya zilizochoka inakuwa kama ng'ombe mwenye nguvu kwenye jembe na wenzake wagonjwa, kazi haiendi sawa, na baada ya miezi michache inaibuka nyingine. Kwa mtu anayetaka kuuza gari, sawa. Kwa taksi, hapana. Na ndani ya muda wa dhamana ni vibaya zaidi, kwa sababu mkono wako unakuwa umeshaingia.

Muuzaji wa yadi simwoni kama tapeli. «Ni betri ndogo» ni jibu la mtu ambaye hajaona gari, na mara nyingi huwa kweli, kwani betri ndogo ikichoka magari haya huwasha taa za kila rangi. Kosa lake ni kujibu bila kusema «lileteni». Angelisema, yadi ingeokoa pesa nyingi kuliko yeyote, maana feni ingesafishwa Agosti. Na kwa kweli ingesafishwa Machi. Kufungua ile plastiki na kuondoa godoro ni kazi ya dakika arobaini, hiyo ikiwa na chai ndani yake.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni kumwachia fundi wa upande wa pili apime mwenyewe. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa sita na sidhani kama meneja alisoma mbili. Alimwamini mtu wake. Kama ningemzuia fundi yule nje, tungekuwa na ripoti mbili zinazopigana. Vile vile magamba: yaliugharimu upande wetu laki nane, na bado nadhani bila kuyataja tusingepata hata nusu.

Karatasi ya dhamana yenyewe sijaimaliza kuifikiria. Yadi wameibadilisha. Sasa imeandikwa «haihusu betri ya volti 12», ila wameongeza ukomo wa kilomita 5,000, ambao kwa taksi ya mjini unaisha ndani ya miezi miwili. Mama alionyeshwa na mnunuzi mwingine, akasema wamejifunza upande wao tu.

Gari huja kwangu kila baada ya miezi mitatu kusafishwa feni. Magunia sasa yanapanda bajaji. Safari ya mwisho nilipanda nalo mwinuko ule ule nyuma ya gereji, skana mapajani, daftari mkononi. Bloku kumi na tatu zilikwenda pamoja. Ya 11 ilibaki nyuma kwa volti 0.3. Niliandika namba, odometa na tarehe, na kijana akasaini pembeni.